Baba Alipiga Ukiwa Umelala

Jumatatu, 9 Juni 2025

Shule zimefungwa Ijumaa, na tangu Ijumaa hiyo nyumba hii ni ya nungunungu. Asubuhi nungunungu, mchana nungunungu. Dina anaamka, hajapiga mswaki, rimoti mkononi. Ana miaka saba na ameshajua chaneli zote kuliko mimi. Katuni yenyewe nimeshaikariri: mama nungunungu, baba nungunungu, watoto wawili wakorofi na bibi yao kiziwi. Kila siku lazima mtu adanganye. Mama anaunguza keki, watoto wanasema tamu. Bibi anafuma sweta baya, baba analivaa mpaka kazini. Mwisho wanacheka wote, muziki, kwisha. Hakuna anayeumbuka.

Nisijifanye mtakatifu. Uongo wangu nimeutoa humo humo.

Ilikuwa ile siku baba nungunungu amekwama ng'ambo ya mto, mvua kubwa. Mama akawaambia watoto kwamba baba yenu alipita mkiwa mmelala, akawafunika shuka. Watoto wakatulia. Kesho yake baba akarudi na kapu la matunda na hakuna aliyeuliza kitu. Mimi nilikuwa nakunja nguo nyuma ya kochi, nikasema moyoni, hee, rahisi hivyo?

Tarehe 28 Mei Dina akaniuliza kwa mara ya mia kwa nini baba hapigi simu. Mdomo ukajisemea wenyewe. Baba alipiga ukiwa umelala. Anasema hajambo, gari linatengenezwa, ukae vizuri na mama. Mtoto akafurahi! Akala ugali wote na akaomba tena. Toka hapo baba yake "anapiga" kila baada ya siku mbili.

Ukweli ni huu, niuandike mahali pamoja angalau. Boazi alipiga mara ya mwisho Jumatano tarehe 21 Mei, saa moja asubuhi. Alikuwa Kolwezi, Kongo, na lori lake, anasubiri kupakia. Alisema baridi imemkomesha, alisema mengine ya mtu na mkewe, simu ikakatika. Tangu hapo haipatikani. Leo siku ya kumi na tisa. Tajiri wa gari anasema nisiwe na presha, kule mtandao ni wa kubahatisha. Sina presha. Nashindwa tu kuingiza uzi kwenye sindano.

Jumatano, 11 Juni

Nimemwona Jairo!

Waliondoka pamoja Mei, Boazi na Jairo, gari mbili zinafuatana. Leo nipo kwenye cherehani pale Majengo, nampima mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kanyoosha mikono yote miwili. Natupa macho barabarani — Jairo. Ameniona. Akageuka akaingia duka la simu. Jairo! Mtu ambaye akipita na lori lazima apige honi mpaka nimtukane.

Nikamwacha mama wa watu mikono hewani, nikamfuata na futi yangu shingoni.

"Aa, Mama Dina! Hujambo? Nilikuwa nakuja kwako."

Kwenye duka la simu, eti. Nikamwuliza mwenzako yuko wapi. Akasema Boazi mzima wa afya, wamemwacha Likasi, gari limekufa giaboksi, anasubiri spea. Nikamwambia mbona Boazi mwenyewe aliniambia Kolwezi. Akasema ndiyo, Kolwezi, huko huko. Halafu akacheka. Kicheko kirefu, na hapakuwa na cha kuchekesha.

Wakati wa kuagana akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akauachia taratibu. Najua mahali ambapo watu wanashikana mikono hivyo. Sitaki hata kupaandika.

Nikarudi, mama wa Nakonde akanitazama. "Bamayo, cinshi?" Mama, kuna nini? Nikamwambia hakuna kitu, vumbi limeniingia jichoni. Nikampima kiuno mara tatu na mara zote tatu nikapata namba tofauti.

Dina jioni: baba kapiga? Nikamwambia kapiga, anakusalimia sana. Sasa naona aibu kumtazama usoni ninapoisema.

Alhamisi, 12 Juni

Kikao cha akina mama kanisani. Mwalimu Gwantwa, anayefundisha watoto Jumapili, kaja na hoja yake ya katuni. Anasema zinafundisha watoto uongo, tena uongo wenye muziki na rangi, ndiyo mbaya zaidi. Mtoto wa darasa lake alimwambia kitambaa chake cha kichwa kizuri kumbe wenzake nyuma wanacheka. Akina mama nao wakacheka. Gwantwa hakucheka.

Jirani yangu Enesi akasimama — huyo hajawahi kukaa kimya. Akasema mwalimu, uongo mdogo ukiutoa kwenye nyumba, nyumba inabaki na nini? Mume akiniuliza amependeza nimwambie hapana? Mimi nikimwuliza ugali umeiva aniambie ukweli? Tutaishi vipi? Wanawake vigelegele. Gwantwa akajibu kwa upole kwamba tatizo mtoto hajui uongo mdogo unaishia wapi, na akishauzoea utamdai siku moja akwambie ukweli naye hatajua kama unautaka.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Nikajidai namfunga Dina kamba za viatu. Viatu vyake havina kamba.

Nimekumbuka Isongole, kwetu nilikozaliwa. Mwaka 2019 kaka yangu Eliakim alinipigia hapa Tunduma akasema baba anaumwa kidogo, njoo umwone ila usikimbie. Anaumwa kidogo! Nikapika uji wa ulezi, nikautia kwenye chupa ya chai, nikanunua machungwa sita, nikapanda gari za milimani nimeshikilia chupa isimwagike. Nafika nyumbani nakuta wanaume wamezunguka moto uani na viti vya kanisa vimeshapangwa. Kila mtu barabarani alijua, hata konda alijua. Mimi peke yangu nilikuwa na uji.

Nilimvaa Eliakim. Nilimpiga kifuani mbele za watu. Akaniambia, dada, ningekwambia ukiwa peke yako ungefikaje? Ni kweli huku kwetu ndivyo tunavyofanya, mfiwa haambiwi mpaka afike mikononi mwa watu. Hata mimi nilishamfanyia mtu, dada mmoja tuliyepanga naye. Lakini siku ile niliapa, mtu wangu yeyote nitamwambia ukweli wazi wazi, aanguke nimnyanyue.

Nimeapa mimi. Mimi huyu huyu.

Jumamosi, 14 Juni

Dina kawa mwema ghafla. Kaosha vyombo bila kuambiwa, kavipanga. Nimemshonea gauni, kwa mawazo yangu nikageuza mkono mmoja ndani nje, yeye akavaa akazunguka na kusema, "Zuri sana mama, nimelipenda." Nikaona mshono uko juu! Nikacheka. Nungunungu huyu!

Halafu wakati wa chai akasema, macho kwenye kikombe:

"Mama, baba alipiga jana ukiwa kazini. Anasema hajambo."

Kumbe ameshanikamata zamani. Kumbe anajua sipokei simu yoyote, na sasa ananirudishia dawa yangu mwenyewe nipone. Mtoto wa miaka saba! Nikamvuta nikamkumbatia, nikamwambia asante mama yangu, umefanya vizuri sana kuniambia. Nikamwongeza chapati.

Akaniuliza, umefurahi? Nikamwambia nimefurahi sana. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyemaliza kazi, akaenda kwenye katuni yake.

Nikaenda chooni nikalia kwa kujibana mdomo na kitenge. Ila nililia vizuri, niseme kweli. Mara ya kwanza wiki hizi tatu nimejisikia siko peke yangu.

Jumapili, 15 Juni

Mungu wangu.

Nimetoka ibadani nikashika kitochi, ile simu ndogo ninayowaachia Dina na Enesi nikiwa kazini. Nilitaka namba ya mteja tu. Nikaingia simu zilizopokelewa.

Ijumaa 13 Juni. Saa nne na dakika arobaini na mbili asubuhi. Namba ndefu inaanza na 243.

Dakika sita.

243 ni Kongo. Nimesimama na hiyo simu jikoni, sufuria inaungua, sijui. Dakika sita si mtu aliyekosea namba. Nikapiga. Mama mmoja wa kwenye mashine akaniongelesha Kifaransa. Nikapiga tena, huyo huyo. Nimepiga mara kumi na moja.

Kwanza nikafurahi! Nilipiga kelele! Boazi kweli kapiga, mtoto hakudanganya, mimi ndiye mwehu! Nikakimbilia sebuleni nikamshika Dina mabega. Niambie yote, mama, baba kasema nini?

"Anasema hajambo. Gari linatengenezwa. Nikae vizuri na mama."

Hayo ni maneno yangu. Neno kwa neno, kama nilivyoyapanga mimi tarehe 28. Nikamwuliza na nini kingine? Dakika sita, Dina. Akasema basi. Nikamwuliza sauti yake ilikuwaje. Akatazama vidole vya miguu.

"Ilikuwa ya baba."

"Dina."

"Nzuri. Ilikuwa nzuri, mama."

Sikuendelea. Nataka niandike hapa kwa nini sikuendelea, kwa sababu hakuna mtu atakayesoma. Niliogopa. Ninamwogopa mwanangu. Kuna mtu alikaa dakika sita anaongea na mtoto wangu, na alichokisema kipo ndani ya hicho kichwa kidogo kilichosukwa na Enesi, na mimi jana nimemkumbatia na kumpa chapati kwa kunificha.

Nimemwuliza Enesi. Anasema Ijumaa alikuwa anaanika mahindi, alimsikia Dina akiongea na simu uani, akadhani ni mimi. Anasema alimsikia akisema "ndiyo" nyingi. "Ndiyo, anko. Ndiyo."

Anko?

Jumatatu, 16 Juni

Leo Fanueli amekuja.

Fanueli ni kaka mkubwa wa Boazi, anakaa kijijini kwao Mbozi na mama mkwe. Ana ekari nne za kahawa. Niandike tena: ni Juni. Kahawa imeiva, inadondoka. Mnyiha mwenye kahawa hatoki shambani Juni hata nyumba ikiungua — ataizima akirudi. Mwaka juzi Dina alilazwa Juni, Fanueli alituma pole kwa simu, na hatukumlaumu. Leo Jumatatu asubuhi yuko mlangoni kwangu, shati limepigwa pasi, kabeba maharage debe moja na mkungu wa ndizi.

Vidole vyake havina hata utomvu wa kahawa. Ana siku kadhaa hajachuma.

"Shemeji, hamjambo hapa?"

"Hatujambo shemeji. Kahawa je?"

"Aa, watu wapo."

Watu wapo! Fanueli anayehesabu hata matunda yaliyoliwa na ndege!

Akakaa. Akaniuliza kama nimekula. Akaniuliza kama ninalala. Akamtuma Dina nje akacheze. Nusu saa nzima, jamani, hakuuliza habari za mdogo wake. Si "Boazi yuko wapi," si "mmewasiliana lini." Mimi nikawa naongea tu. Bei za vitambaa, foleni ya malori imefika Chapwa, upepo wa mwaka huu. Nilijua nikinyamaza ataanza yeye.

Mwisho akakohoa.

"Shemeji, nimekuja kuwachukua. Mama anaumwa kidogo."

Kidogo.

Nikamtazama, akatazama maharage. Nikamwuliza anaumwa nini. Akasema miguu. Baadaye akimjibu Enesi nikasikia anasema kifua.

Nikaenda jikoni nikampigia mama mkwe. Ikaita sana, akapokea mwanamke nisiyemjua. Akasema mama kapumzika, nani mwenzangu? Nikasema Mama Dina. Nyuma yake watu wengi, sauti nyingi. Nikajiambia ni wachumaji. Msimu wa kahawa nyumba ile hujaa wachumaji, kweli kabisa. Akasema, "Karibuni sana mama, poleni na safari." Nikamwambia bado hatujaanza safari. Akakata.

Nilikuwa na nafasi. Fanueli amekaa pale, mimi nimesimama pale. Neno moja tu: shemeji, niambie. Nilishawahi kumpiga kaka yangu kifuani kwa kutoniambia. Leo nimefungua mdomo na nikasema:

"Mama akiumwa miguu nimpelekee nini, dawa ya kuchua?"

Akashusha pumzi. Nikaona kabisa anavyonishukuru. Akasema ndiyo shemeji, dawa ya kuchua itamfaa.

Basi nimeinunua. Ipo mezani. Yeye kaenda kulala kwa jamaa yake kule Mpemba, nje kidogo ya mji, kesho saa nne anatufuata na gari.

Namwelewa Eliakim sasa. Wala sitaki kumwelewa.

Jumanne, 17 Juni

Saa mbili na nusu asubuhi. Nimeamka nikakuta uwanja wangu umefagiwa. Enesi. Anafagia mpaka kwenye karo, kainama, hasemi. Enesi hasemi! Nikamsalimia, akaitika bila kunyanyua uso. Akasema ameona majani tu. Uwanja wangu hauna mti.

Nikamwambia asante. Na mimi najifanya.

Fanueli kapiga kusema gari ni Noah na ameikodi nzima. Watu watatu, Noah nzima, kwenda kumwona mtu anayeumwa miguu. Anasema nibebe nguo za siku kadhaa. Anasema nibebe na kitenge cheusi, kule kuna baridi — akajirekebisha haraka, kitenge chochote, shemeji, chochote.

Nimefungasha. Gauni mbili, sweta la Dina, dawa ya kuchua. Nimetoa kitenge cheusi nikakirudisha kabatini. Nikakitoa tena.

Dina hajawasha TV. Siku ya kwanza tangu wafunge shule. Amekaa kitandani, amevaa gauni lile lenye mkono uliogeuka, viatu tayari. Nikamwambia unaweza kuangalia kidogo mpaka baba mkubwa aje. Akasema hataki, imekuwa ya kitoto.

Nikakaa karibu yake. Nikajisemea, leo. Nisiende kuambiwa na viti vya kanisa. Bora niambiwe hapa, na wa kwangu.

Nikamwambia, Dina, yule aliyepiga Ijumaa hakuwa baba, siyo?

Akatikisa kichwa, siyo.

"Ni anko mwingine, siyo anko Jairo. Anaendesha gari na baba. Alisema nimpe mama simu, nikasema mama yuko kazini. Akasema kuna mtu mkubwa hapo? Nikasema mimi mkubwa."

Akaniambia anko alikuwa analia kidogo. Akaniambia anko alimwuliza kama ataweza kukumbuka vizuri atakachomwambia, na yeye akasema ndiyo anko, ndiyo, darasani yeye huwa wa tatu.

Nikamwuliza mbona hukuniambia, mama yangu? Nilimwuliza taratibu, Mungu shahidi, sikumfokea. Alinitazama kama mimi ndiye mtoto.

"Wewe ulikuwa unaniambia hajambo. Nikaona ndiyo unavyopenda."

Nikamfunga vifungo vya gauni, nikavifungua, nikavifunga tena. Yeye anaiangalia mikono yangu. Akanishika kidole gumba, kama alivyokuwa akimshika baba yake barabarani, akasema:

"Mama, unataka nikwambie ile ya katuni au ile ya kweli?"

Nimemwambia asubiri kidogo, kuna kitu naandika.

Saa tatu kasoro robo. Jua limetoka lakini baridi haijatoka. Enesi amemaliza kufagia, sasa anabeba viti vyangu vya plastiki, anavitoa uani kimoja kimoja, anasema anavifuta vumbi. Nimefunga maji? Nimefunga. Cherehani nimeliacha na sketi ya yule mama wa Nakonde, anakuja kuichukua Alhamisi, upindo bado. Nikirudi nitaumalizia. Upindo ni dakika ishirini. Thelathini kama mkono hautulii. Uzi wa bluu upo kwenye kopo la

Dina kaja mlangoni. Anauliza kama nimemaliza.

Nimemwambia bado.